Hotteok: Wageni Walipigwa, Chapati Yao Ikabaki

Wasee wa drama za Korea, leo ni stori yenu. Ile chapati ndogo nono mnaonanga mtu akiuma huku anapuliza midomo, ndani kuna sukari imeyeyuka, inaitwa hotteok. Kila video inakwambia ni kitamu cha asili cha Kikorea. Sawa, lakini hiyo asili ilishuka kutoka meli. Na vile ilipokewa ni stori chungu kiasi, ndiyo maana nataka tuiongee kabla hujawasha meko.

Anza na jina. "Tteok" ni keki ya mchele, kitu Wakorea wamekula karne na karne. "Ho" nayo ni herufi ya Kichina. Wachina wa kale waliitumia kwa makabila ya kaskazini na magharibi yao, watu waliowaona kama washenzi. Wakorea wakaichukua, wakawa wanaibandika kwa vitu vilivyoingia kutoka upande wa China. Kwa hivyo hotteok ni kama kusema "keki ya hao wageni". Na mchele wenyewe si lazima uwe ndani. Ni ngano.

Wageni gani sasa? Mwaka wa 1882 wanajeshi wa ufalme wa Joseon waliasi pale Seoul. Walikuwa wanalipwa kwa mchele, wakakaa miezi mingi bila kulipwa, halafu siku ya malipo wakapewa mchele umechanganywa na mchanga na makapi. Wewe ungefanya nini? Utawala wa Qing wa China ukatuma majeshi kuzima hayo maasi, na nyuma ya majeshi wakafuata wafanyabiashara na vibarua, wengi wao watu wa Shandong. Wakatia mizizi Seoul na kwenye bandari ya Incheon. Qing ilipoanguka mwaka wa 1912, wengi hawakurudi. Walijua kupika vitu vya ngano, wakafungua vibanda, na kwa sababu mteja Mkorea alitaka utamu, sukari ikaingia ndani ya donge. Kufikia miaka ya 1920 hotteok ilikuwa chakula cha mwanafunzi na kibarua wa Seoul: ni moto, ni bei ya chini, na inashikilia tumbo.

Ungedhani mahali watu wanakula pamoja hivyo, mapenzi yamekolea. Ngoja.

Julai 1931, Korea ikiwa chini ya Wajapani, wakulima Wakorea na Wachina waligombania mtaro wa maji huko Wanbaoshan, Manchuria. Hakuna Mkorea aliyeuawa. Lakini gazeti moja la Seoul likaandika kwamba Wakorea wameumizwa vibaya na wengine wameuawa. Hiyo habari ya uongo ikasambaa kwa siku chache tu, na wakati huo hakuna simu za mkononi, hakuna intaneti. Watu wakaingia barabarani Incheon, Seoul, na kubaya zaidi Pyongyang. Maduka ya Wachina yakavunjwa, nyumba zikachomwa, na Wachina zaidi ya 100 wakauawa. Maelfu wakafunga virago wakarudi kwao.

Hotteok haikufukuzwa. Ilibaki.

Baada ya vita vya 1950 hadi 1953, ngano ya msaada kutoka Marekani ikajaa Korea Kusini. Serikali nayo ikawa inasukuma watu wale unga ili mchele utoshe, mpaka kukawa na siku za wiki ambazo mikahawa ilikatazwa kuuza wali. Hapo hotteok ikapata nafasi yake kabisa. Sasa mwenye kuipika kando ya barabara alikuwa Mkorea. Baadaye watu wa Busan wakaanza kuipasua katikati na kuijaza mbegu za alizeti na za boga. Mjukuu wa mtu aliyekula hotteok kwa kibanda cha Mchina leo anaiita yetu, na hakosei. Ni yake. Shida ni kwamba ilikuwa rahisi kukubali chapati kuliko kumkubali aliyeileta.

Na tusijifanye hiyo ni tabia ya Korea peke yake. Chapati zetu zilikuja na Wahindi, na wengi wao waliletwa kujenga reli kuanzia 1896. Hapo jirani Uganda, mwaka wa 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Waliondoka makumi ya maelfu, wameacha nyumba na maduka. Chapati haikupewa siku 90. Leo imekunjwa na mayai ndani, inaitwa rolex, na ni fahari ya Kampala. Kwa hivyo mtu akikuambia "sisi hatuna ubaguzi, si tunakula vyakula vyao", muulize kama wenye hivyo vyakula wangesema vivyo hivyo. Ulimi hauna chuki, lakini pia hautoi ushahidi.

Haya, meko sasa. Hii ni ya mtu mmoja, chapati moja, kwa wale tunaoishi kwa chumba kimoja na hatutaki donge la kulisha ploti nzima.

Chukua unga wa ngano vijiko 7 vya mezani, hamira robo kijiko cha chai, sukari nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo. Mimina maji vuguvugu vijiko 3 vya mezani, koroga kwa kijiko. Donge litanata kuliko la chapati. Usiogope, na usiongeze unga, huo unyevu ndio ulaini wenyewe. Funika, weka mahali pa joto kama saa moja, mpaka liumuke.

Ya ndani: sukari ya kahawia kijiko 1 cha mezani, mdalasini kidogo, karanga zilizopondwa, na chembe ya unga ili sukari ikiyeyuka isiwe maji matupu ikakutoroka.

Paka mikono mafuta, tandaza donge kiganjani, weka sukari katikati, vuta kingo juu ufunge vizuri. Ukiacha tundu, sukari itaungua kwa kikaango. Pasha mafuta moto wa kadiri, weka donge, upande uliofungwa ukiangalia chini. Baada ya dakika moja geuza, kisha uligandamize polepole kwa tako la kikombe cha chuma kilichopakwa mafuta mpaka liwe bapa. Likishakuwa la dhahabu, geuza tena, funika, punguza moto, ngoja dakika moja.

Usiume mara moja. Hiyo sukari ndani ni moto kuliko chai, na itakuchoma ulimi. Ipe dakika mbili tatu. Ukiwa unangoja, kumbuka wale watu wa Shandong, walioipika kwanza kwenye nchi ambayo haikuwa yao.