Kununua Coccinelle ya zamani: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa

Coccinelle ni gari ndogo ya kampuni Volkswagen ya Ujerumani. Ilianza kutengenezwa mwaka 1938, na ya mwisho ilitoka kiwandani kule Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Kwa jumla zilitoka zaidi ya milioni 21. Injini yake iko nyuma na inapozwa na hewa: haina radiatere wala maji. Ndiyo maana watu wengi wanaipenda kama gari ya kufufua pole pole, huku wakiendelea kutembea nayo.

Kutu
Injini haiogopeshi sana: boluti ine tu ndizo zinaishikilia, fundi anaweza kuishusha haraka. Kitu kinaua Coccinelle ni kutu. Inua kiti cha nyuma: betri iko pale chini, na asidi yake inakula bati ya sakafu. Gonga pia chuma kinachopita chini ya milango pande zote mbili. Ndicho kinabeba nguvu ya bodi. Kikiwa kimeoza, kukitengeneza kunaweza kupita bei ya gari yenyewe.

Injini
Injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini, uisukume na kuivuta. Ikicheza sana, injini itafunguliwa yote. Angalia na mipira ya kupitisha esanse. Ikipasuka juu ya injini yenye moto, gari inaungua. Ibadilishe siku ya kwanza, hata kama inaonekana nzima.

Mkanda mumoja unazungusha dinamo na feni. Taa nyekundu ikiwaka njiani, simama mara moja: pengine mkanda umekatika na injini haipati tena hewa. Oili inaingia lita 2,5 tu. Ibadilishwe kila kilometa 5 000, na valvu zipimwe.

Kazi ianzie wapi
Breki kwanza. Coccinelle nyingi za mbele ya 1967 ziko na mfumo mumoja wa breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote ine yanakosa breki, na inabaki ya mukono tu. Kwa mutu anayeshuka milima yetu, hilo si jambo la kungoja. Kisha matairi na usukani, halafu umeme, halafu bodi. Rangi ni ya mwisho. Maliza kazi moja mbele ya kufungua ingine. Gari iliyofunguliwa yote mara nyingi inabaki ndani ya parcelle miaka na miaka.

Karatasi
Namba ya shasi imepigwa katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Ilinganishe na ile ya carte rose, na jina la muuzaji lilingane pia. Andikeni karatasi ya mauzo mbele ya mashahidi. Namba zikikosa kulingana, acha gari hiyo, hata ikiwa bei nzuri.