Daftari la Mwenye Duka

Ndugu mkulima, leo tuiache mbolea kidogo, tuzungumze habari za daftari. Daftari lenyewe ni la mbali, kusini mwa Marekani, lakini lilihusu pamba.

Mwaka 1844 Henry Lehman, kijana kutoka Bavaria huko Ujerumani, alifika Alabama akafungua duka mjini Montgomery. Ndugu zake Emanuel na Mayer wakamfuata, na mwaka 1850 duka likawa Lehman Brothers. Wenye mashamba walipata fedha mara moja tu kwa mwaka, basi wengi wakalipa kwa marobota ya pamba. Muda si muda duka likageuka biashara ya pamba, na mwaka 1858 wakafungua ofisi New York. Lakini tusisahau: pamba ile ililimwa na watumwa, na katika vitabu vya siku zile mtumwa aliandikwa kama mali, sawa na nyumbu.

Maduka ya namna hiyo yalikuwa na daftari la kila siku. Kilichotoka kiliandikwa papo hapo, kisha kikahamishiwa kwenye leja. Humo kila mdeni alikuwa na ukurasa wake: huku alichochukua, huku alicholipa.

Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, wengi wa walioachwa huru walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Sasa sikiliza vizuri. Unga wa mahindi, nyama ya nguruwe ya chumvi, nguo, vyote walichukua kwa mkopo, na rehani ni pamba ambayo haijavunwa! Sheria iliruhusu. Tena bidhaa ileile ilikuwa na bei mbili, ya taslimu na ya mkopo. Wachumi Ransom na Sutch walichunguza Georgia ya miaka ya 1880, wakaona tofauti hiyo ni sawa na riba ya asilimia 60 hivi kwa mwaka. Haikuitwa riba, ilijificha ndani ya bei.

Wengi hawakujua kusoma, kwani majimbo kadhaa yalikuwa yamepiga marufuku kumfundisha mtumwa. Kitabu kimoja, kalamu moja, naye mwenye duka ndiye msomaji. Deni likibaki, lilihamia ukurasa wa mwaka mpya, na mkulima akarudi dukani kwa yule yule, akapanda pamba tena hata pale watoto walipohitaji mahindi. Kubisha hesabu kulikuwa hatari kwa mtu mweusi. Hata hivyo wapo waliojua kuandika, wakaweka kijitabu chao nyumbani, na siku ya hesabu wakaenda nacho mfukoni.