Difu ya Babu, Difu ya Mjukuu

Mwaka 1934 mashindano makubwa ya magari ya Ulaya yalipata kanuni mpya: gari likipimwa bila dereva, mafuta, maji wala matairi, lisizidi kilo 750. Waliotunga kanuni hiyo walitaka kupunguza kasi, wakiamini kwamba gari jepesi halitaweza kubeba injini kubwa. Haikuwa hivyo. Auto Union ya Ujerumani, kampuni iliyozaliwa 1932 kwa muungano wa Audi, DKW, Horch na Wanderer, ikachukua pete nne kuwa nembo yake, ilileta gari lililobuniwa na Ferdinand Porsche. Injini yake ya silinda 16 ilikaa nyuma ya dereva. Toleo la kwanza lilikuwa na karibu nguvu za farasi 300, na kufikia 1936 zilishapita 500.

Nguvu hizo zote ziliteremkia kwenye magurudumu mawili ya nyuma, juu ya matairi membamba ya zama zile. Dereva alipokanyaga mafuta, gurudumu moja la nyuma liliweza kuzunguka bure hata gari likiwa linakaribia kilomita 160 kwa saa. Mpira uliungua, moshi ukatoka, na gari likanufaika kidogo tu. Injini haikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa difu, kifaa ambacho wakati huo kilikuwa kimeshatimiza zaidi ya miaka 100.

Kwa kawaida Mfaransa Onésiphore Pecqueur ndiye anayetajwa kuwa aliyekiingiza kwenye magari, mwishoni mwa miaka ya 1820, alipokuwa akishughulikia gari la mvuke. Haja yake ilikuwa ya kweli. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, kama askari wa gwaride wanaogeuka: wa ukingoni hukaza mwendo, wa ndani hukanyaga palepale. Ukiyafunga magurudumu mawili kwenye ekseli moja, lazima moja liburuzwe. Difu inayaruhusu yapishane mwendo huku yote mawili yakisukumwa na injini moja.

Lakini ruhusa hiyo ina gharama. Difu ya kawaida hulipa kila gurudumu nguvu sawa ya kuzungusha, na kiwango cha nguvu hiyo huwekwa na gurudumu dhaifu. Moja likiwa kwenye tope na jingine kwenye lami kavu, lile la lami halipati zaidi ya kile ambacho tope linaweza kupokea. Ndiyo maana gari lenye injini nzuri hukwama huku tairi moja likirusha matope na jingine limetulia tuli. Kwenye gari la Porsche mambo yalikuwa yaleyale, ila hapa palikuwa na kona badala ya tope: gari lilipoinama, gurudumu la ndani lilipunguziwa uzito, likapoteza mshiko, na kuliponza lile la nje.

Mwaka 1935 Porsche aliwapa kazi ZF, mafundi wa gia wa Friedrichshafen. Walichomtengenezea hakikuwa na gia za kawaida ndani. Vipini vidogo vya chuma viliteleza kati ya pete mbili zenye mawimbi, kila pete ikishika ekseli yake. Tofauti ndogo ya mwendo ilipita bila shida, kona ikakatwa. Gurudumu moja lilipotaka kukimbia, vipini vilisuguana na mawimbi hayo, na msuguano ukalipelekea gurudumu la polepole sehemu ya nguvu ambayo ingepotea.

Hapo ndipo ulipo ubingwa wa kazi yote hii, na naona haujasifiwa vya kutosha. Kuifunga difu kabisa ni rahisi. Madereva wa malori hufanya hivyo kwa kubonyeza swichi. Lakini gari lililofungwa difu hukataa kukata kona. Kazi ngumu ni kujua kiasi: uhuru gani ubaki na msuguano gani uingie. Bernd Rosemeyer alitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1936 akiendesha gari la Auto Union. Kipaji chake kilikuwa kikubwa mno kuweza kumpa fundi wa gia sifa zote, lakini dereva hutegemea magurudumu yake ya nyuma kila anapotoka kwenye kona. Difu ya ZF iliingia pia kwenye Kübelwagen, gari la jeshi la Volkswagen, ambalo lilipita mchangani na topeni kwa kusukumwa na magurudumu mawili tu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wamarekani wakaifikisha difu ya namna hiyo kwa mnunuzi wa kawaida. Packard iliiuza kwenye sedani zake za 1956, Chevrolet ikafuata mwaka uliofuata. Aina iliyoenea ilikuwa ya pleti za klachi zilizobanwa ndani ya difu: rahisi kutengeneza, lakini pleti huisha.

Hadithi ikarudi Ujerumani kupitia mjukuu. Ferdinand Piëch, mwana wa Louise, binti yake Porsche, aliongoza idara ya ufundi ya Audi tangu 1975. Katika majira ya baridi ya 1976 kuelekea 1977, mhandisi wake Jörg Bensinger alikuwa Finland kwenye majaribio. Akaona Iltis, gari la kijeshi la nguvu za farasi 75 hivi, likiyaacha nyuma kwenye theluji magari yenye nguvu kuliko lenyewe, kwa sababu lilisukumwa na magurudumu yote manne. Januari 1978 gari la majaribio la Audi lilipanda mlima wa Turracher Höhe huko Austria, penye theluji na mwinuko wa asilimia 23, kwa matairi ya kiangazi na bila minyororo. Machi 1980 Audi quattro ikaonyeshwa Geneva, na miaka miwili baadaye mfumo wake ukafika kwenye sedani, Audi 80.

Magurudumu manne yalileta tena tatizo la babu, tena kubwa zaidi. Sasa ilihitajika difu ya tatu katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Hiyo nayo ikiwa huru kabisa, gurudumu moja likiteleza, yote manne yanakosa nguvu. Quattro ya kwanza ilimpa dereva kitasa cha kuifunga mwenyewe, na breki za ABS zilipoongezwa baadaye, zilizimwa difu ikifungwa.

Jibu lilikuwa limelala Marekani. Mwaka 1958 mvumbuzi Vernon Gleasman alipata hataza ya difu isiyo na pleti wala vipini. Ndani yake mna gia za mtindo wa parafujo. Kwa asili gia hizo hugoma zikisukumwa kutoka upande usio wao, na mgomo huo huelekeza nguvu kwenye upande wenye mshiko mara moja, bila kusubiri gurudumu lizunguke bure. Kampuni ya Gleason ya Rochester ilinunua haki zake mwaka 1982, ikaiuza kwa jina la Torsen, na katikati ya muongo huo Audi ikaiweka katikati ya Audi 80 mpya. Kitasa kikaondoka, ABS ikabaki kazini. Udhaifu wake ni mmoja: Torsen huzidisha kile ambacho upande dhaifu unaweza kushika, na gurudumu likining'inia hewani halishiki kitu. Sifuri haizidishiki.

Safari Rally ya Kenya ilisubiri muda mrefu kuliko mashindano mengine mengi kabla ya kukubali magurudumu manne. Mpaka 1986 mshindi alikuwa bado Toyota Celica ya kusukumwa nyuma, kwa kuwa katika maelfu ya kilomita za vumbi, mawe na tope la Pasaka uvumilivu ulizidi werevu. Kisha, Aprili 1987, Hannu Mikkola akashinda kwa Audi 200 quattro, sedani kubwa ya familia, Walter Röhrl akiwa wa pili kwa gari kama hilo. Mikkola huyohuyo alikuwa ameshinda 1972 kwa Ford Escort ya kusukumwa nyuma. Baada yake magari yanayosukumwa na magurudumu mawili hayakushinda tena enzi ile: 1996 ikawa Lancer ya Tommi Mäkinen, 1997 Impreza ya Colin McRae.

Ndugu wa Lancer na Impreza hizo sasa wako mitaani Nairobi na Dar es Salaam, wamekuja mitumba kutoka Japani, na wengi wanaonunua hawajui ni difu gani iko nyuma. Kwenye gari linalosukumwa nyuma, fundi akiweka gia huru, akakingia magurudumu ya mbele na kuinua yote mawili ya nyuma, anaweza kulizungusha moja kwa mkono. La pili likigeuka kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande uleule, huenda difu ina pleti, na ya pleti inahitaji oili yake maalumu, la sivyo itanguruma kwenye kona za polepole. Kwa Torsen jaribio hili mara nyingi hudanganya, kwa kuwa gia zake hazianzi kugoma mpaka injini ivute.