Nyong'o, Lupita Amondi

Mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, mzaliwa wa Mexico City (1 Machi 1983) aliyelelewa Nairobi, na Mkenya wa kwanza kutwaa Oscar ya uigizaji. Wengi wanamjua kwa sinema, ingawa ufundi wake ni wa jukwaani, na jukwaa ndilo linalopewa nafasi hapa.

Baba yake, Peter Anyang' Nyong'o, msomi wa siasa ambaye baadaye alikuwa waziri, seneta na gavana wa Kisumu, alikuwa akifundisha Mexico Lupita alipozaliwa. Miaka hiyo wakosoaji wa serikali, yeye akiwamo, hawakuwa na amani Kenya. Familia ilirejea nyumbani mtoto akiwa bado mchanga. Akakua na Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, na alipotimiza miaka 16 wazazi wakampeleka Taxco, Mexico, akajifunze Kihispania. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameshacheza nafasi ya Juliet katika tamthilia ya Shakespeare na kundi la Phoenix Players, ambalo ukumbi wake mdogo ulikuwa Professional Centre, katikati ya Nairobi.

Aliingia kwenye filamu kwa mlango wa nyuma. "The Constant Gardener" (2005) ilipopigwa Kenya, alikuwa msaidizi wa uzalishaji tu, na ushauri aliopewa na mwigizaji wa filamu hiyo, Ralph Fiennes, haukuwa wa kubembeleza: asiingie uigizaji ila kama hawezi kuishi bila huo. Mwaka 2009 alionekana kama Ayira katika "Shuga", tamthilia ya televisheni kuhusu vijana wa Nairobi na UKIMWI, na akatoa "In My Genes", filamu ya hali halisi juu ya Wakenya wenye ualbino, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe. Mwaka huohuo akaanza masomo ya uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale.

Huko Yale ilikuwa ikiandaliwa tamthilia ya "Eclipsed" ya Danai Gurira, na mwanafunzi huyu wa mwaka wa kwanza akawekwa kuwa mwigizaji wa akiba. Alijifunza nafasi ya msichana asiyetajwa jina, pasipo hakika ya kupanda jukwaani.

Alipohitimu, 2012, mwongozaji Steve McQueen alimchukua kucheza Patsey katika "12 Years a Slave" (2013), filamu iliyotokana na kitabu cha Solomon Northup cha 1853. Patsey ni mtumwa achumaye ratili 500 za pamba kwa siku, kuwashinda wanaume, na uhodari huo haumwepushi na mjeledi. Oscar ilifuata tarehe 2 Machi 2014.

Baada ya tuzo kama hiyo, mwigizaji mwingine angekimbilia filamu nono. Nyong'o aliirudia ile nafasi ya akiba. Ukumbi wa Public Theater, New York, uliionyesha "Eclipsed" mwaka 2015, kisha ikahamia Broadway mwaka 2016, chini ya mwongozaji Liesl Tommy: mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote ni wanawake weusi, jambo ambalo Broadway haikuwahi kuliona. Kisa ni cha Liberia, 2003. Msichana tunamkuta amefichwa chini ya beseni kubwa, wake wa kamanda wa waasi wakijitahidi asionekane. Anaonekana; anafanywa mke wa nne; mwishowe anashika bunduki. Kwa nafasi hiyo Nyong'o aliteuliwa kuwania tuzo ya Tony.

Filamu kubwa hazikukosekana. Katika "Queen of Katwe" (2016) ya Mira Nair alikuwa mama wa Phiona Mutesi, binti mchezaji sataranji wa Kampala, na katika "Black Panther" (2018) alikuwa Nakia. Kazi yake ngumu zaidi katika sinema pengine ni "Us" (2019), ambamo anacheza wanawake wawili wanaowindana. Sauti ya mmoja aliichota kwenye maradhi ya koo yanayokatiza usemi. Vyama vya wagonjwa vililalamika, naye akaomba radhi. Mwaka 2024 sauti peke yake ilitosha kumjenga roboti wa "The Wild Robot".

Agosti 2025 Delacorte, ukumbi wa wazi wa New York ambako tiketi za Shakespeare hutolewa bure, ulifunguliwa upya kwa "Twelfth Night". Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Kenya anayemjua Nyong'o tangu ujana wao Nairobi. Nyong'o alikuwa Viola. Pacha wake Sebastian alichezwa na ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o. Msomaji wa Lamu au Pate, ambako bahari ndiyo barabara, hahitaji kuelezwa hali ya mtu aliyetupwa pwani ngeni akiamini nduguye amezama. Ali aliwapa mapacha hao maneno ya Kiswahili, lugha ya nyumbani ambayo wenyeji wa Illyria, pwani hiyo ngeni, hawaijui.

Kituo cha PBS kilirusha onyesho hilo mwezi Novemba mwaka huo.