Mipaka ya Kura na Sheria Irudiyo Nyuma katika Ukambani

Ndugu wanachama, kabla ya hesabu za fedha twaomba nafasi kidogo tuseme habari ya kura, namna ilivyogawanywa kwetu na namna ilivyopiganiwa mahakamani.

Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Kitui na Machakos zilikuwa jimbo moja, na mjumbe wetu akawa Bwana James Muimi. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Naye aliyeruhusiwa aliweza kupewa kura hata 3, kwa kadiri ya elimu, mali na utumishi wake. Mwaka 1958 viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hata 14, Machakos ikapata mjumbe wake, Bwana David Mumo. Mistari hiyo ilichorwa na serikali ya kikoloni, nasi tuliipokea kama tupokeavyo ukame.

Jambo zito zaidi lilitokea baada ya Uhuru, kwa jirani zetu wa Machakos. Bwana Paul Ngei, aliyefungwa pamoja na Mzee Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, alishinda kiti cha Kangundo mwaka 1974. Ushindi huo ulipingwa, na mahakama ikautangua kwa sababu ya kosa la uchaguzi. Kwa sheria ya siku zile mwenye hatia hiyo alizuiwa kugombea kwa miaka 5, wala Rais hakuwa na uwezo wa kumwondolea kizuizi hicho. Basi mwishoni mwa 1975 Bunge likabadili Katiba, likampa Rais uwezo huo, na sheria mpya ikarudi nyuma kuyafunika yaliyokwisha kuhukumiwa. Rais akamsamehe. Mwaka 1976 Bwana Ngei akakipata tena kiti chake.

Wako wazee wasemao kwamba watu wa Kangundo walimpenda, na kwamba uchaguzi wa marudio ulithibitisha hivyo. Ni kweli. Lakini mlalamikaji alifuata njia ya sheria hata mwisho, akashinda, kisha akaiona njia yenyewe imegeuzwa nyuma yake. Twaona hilo ni baya kuliko kushindwa.

Habari ya mipaka iliendelea kwa utulivu zaidi. Katiba ya 2010 iliweka majimbo 290, na mwaka 2012 Kitui ikatoka majimbo 6 kufika 8, Makueni kutoka 5 kufika 6, Kibwezi ikigawanywa Mashariki na Magharibi. Kwa hesabu ya watu ya 2009, Kitui ilikuwa na watu 1,012,709, yaani kama 126,600 kwa kila jimbo. Makueni watu 884,527, kama 147,400 kwa jimbo. Mkazi wa Makueni aweza kunung'unika, ingawa tofauti hiyo yaruhusiwa na Katiba. Malalamiko kutoka nchi nzima yalisikilizwa na Mahakama Kuu, na hukumu ikatolewa Julai 2012.

Mipaka hiyo ilipasa kupitiwa tena kabla ya miaka 12 kupita. Muda huo ulikwisha Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Mipaka mipya itakapotangazwa katika Gazeti la Serikali, atakayeona kata yake imehamishwa isivyo haki atakuwa na siku 30 za kwenda Mahakama Kuu, nayo itapaswa kuamua ndani ya miezi 3.