Kenya: Hati zinazolinda malipo ya mkandarasi mdogo wa serikali

Sheria ya ununuzi wa umma nchini Kenya hutenga asilimia 30 ya zabuni kwa biashara za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo, maarufu kwa jina la AGPO, ulizinduliwa mwaka 2013 na ukapewa nguvu zaidi na sheria ya mwaka 2015. Hata hivyo, kushinda zabuni ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Wako wakandarasi wadogo wanaoidai serikali kuu au kaunti kwa miaka, ilhali bidhaa walizopeleka walizinunua kwa mkopo.

Hatua ya kwanza ni usajili. Ili kupata cheti cha AGPO, angalau asilimia 70 ya wanachama wa kampuni sharti watoke katika kundi linalolengwa, na uongozi wote uwe mikononi mwao.

Hatua ya pili ni mkataba. Kwa mujibu wa kifungu cha 135, hakuna mkataba mpaka hati ya maandishi itiwe saini na pande zote mbili, na saini hiyo haiwekwi kabla ya siku 14 kupita tangu mshindi aarifiwe. Barua ya ushindi si mkataba, sembuse agizo la mdomo la ofisa.

Nyongeza nayo ina mipaka. Kifungu cha 139 hakiruhusu kiasi cha bidhaa au huduma kuzidi kile cha awali kwa zaidi ya asilimia 15, na idhini sharti iwe ya maandishi. Aliyeandikiwa madawati 100, kisha akaombwa kwa simu apeleke 130, ajue kwamba hata akipata idhini hawezi kuvuka 115. Madawati 15 yaliyosalia hayana ulinzi wa sheria.

Hatua ya tatu ni mapokezi na hesabu. Bidhaa hukaguliwa na kamati ya mapokezi, na mkandarasi hubaki na nakala iliyotiwa saini na tarehe. Nakala hiyo huambatanishwa na hati ya agizo, yaani LPO, pamoja na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS. Kila mkataba ufunguliwe ukurasa wake katika daftari: gharama, malipo, na kodi iliyokatwa na mnunuzi pamoja na cheti chake, isije ikalipwa mara mbili.

Mwaka 2023 iliundwa kamati ya kuhakiki madeni ya serikali kuu yaliyolimbikizwa kati ya Juni 2005 na Juni 2022. Miongoni mwa madai iliyoyakataa yamo yaliyokosa hati za kutosha. Sheria inaruhusu riba kwa malipo yaliyochelewa, lakini riba hiyo pia huhesabiwa kwa tarehe. Asiye na karatasi yenye tarehe hana pa kuanzia.