Vyura Waliopanda Ndege

Nikisema nasomea vyura, watu wa Makambako hunijibu kwa namna mbili. Wengine hucheka. Wengine huuliza, "Wale wa Kihansi? Waliopanda ndege?" Dereva wa bodaboda aliyenichukua stendi mwaka jana alitaka kujua kama walikaa viti vya mbele au vya nyuma. Nikamwambia sijui, ila nina hakika hawakujilipia nauli.

"Ndiyo hapo sasa," akasema. "Nauli tumelipa sisi."

Hadithi ya Kihansi imekaa hivyo vijiweni: chura mmoja mdogo, umeme wa nchi nzima, na wazungu katikati. Mimi mwenyewe niliikuta hivyo utotoni na nikaicheka kabla ya kujua kwamba mto wenyewe ni jirani yetu.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara ya Zambia inapita hapa, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapanda kutoka bonde la Kilombero. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa wajenzi jasho kuliko vyote, kwa sababu hapo milima inasimama kama ukuta. Mto Kihansi unateremka ukuta huohuo, kaskazini kidogo ya Mlimba. Unatoka nyanda za juu za Mufindi ukiwa mtulivu, kisha ndani ya kilomita chache unaporomoka zaidi ya mita 800.

Maji yakianguka hivyo hayabaki kuwa maji tu. Yanavunjika kuwa manyunyu, na manyunyu ya Kihansi hayakujua masika wala kiangazi. Yalilowesha vipande vichache vya nyasi, kangaga na kuvumwani pembeni mwa maporomoko, vyote kwa pamoja takriban hekta mbili. Shamba la parachichi la mtu wa kawaida kule Njombe linaweza kufika ukubwa huo. Ndani ya hekta hizo, na si mahali pengine popote duniani panapojulikana, aliishi chura wa rangi ya njano kama haradali, ambaye jike lake halifiki sentimita tatu.

Chura huyu hatagi. Anazaa. Mayai yanaanguliwa tumboni mwa mama na watoto wanatoka wakiwa vyura kamili, kati ya watano na kumi na watatu kwa kawaida, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita tano hivi. Hakuna viluwiluwi wala dimbwi. Ndiyo maana unyevu wa hewa kwake ulikuwa kila kitu.

Sasa tuje kwenye umeme, na hapa sitaki kuwa mwepesi wa kulaumu. Miaka ya 1990 nchi iliuzoea mgao. Mabwawa yaliyokuwepo yalitegemea mvua ambazo hazikuja kwa ahadi. Kihansi ilikuwa tunu: mteremko mkali, bwawa dogo lenye ukuta wa mita 25 tu, na mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja. Benki ya Dunia ilikopesha, na wafadhili wa Ulaya, Norway na Sweden wakiwemo, wakachangia. Nani angekataa? Mimi ninayeandika haya kwenye kompyuta ya umeme wa gridi ya taifa nisingekataa.

Kinachonisumbua ni mpangilio wa tarehe. Ujenzi ulikuwa umeshaanza pale watafiti wa mazingira waliposhuka korongoni na, mwezi Desemba 1996, wakamwona chura huyu kwa mara ya kwanza. Jina la kisayansi, Nectophrynoides asperginis, lilichapishwa na Poynton, Howell, Clarke na Lovett katika makala inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1999. Asperginis limetokana na neno la Kilatini la manyunyu. Mwisho wa mwaka huohuo mitambo ikaanza kufanya kazi na takriban asilimia 90 ya maji ikaelekezwa kwenye handaki. Alipewa jina la manyunyu mwaka ambao manyunyu yaliondolewa.

Lakini geuza upande wa pili. Bila bwawa, wale watafiti wasingelipiwa kushuka mle. Korongo la Kihansi lilikuwa pale siku zote, na hakuna chuo kilichokuwa na fedha za kwenda kuangalia hekta mbili za majani yaliyoloa. Tulimjua chura huyu kwa sababu ya kitu kilekile kilichomwondoa. Nikilifikiria hilo huwa sijui nisikitike au nishukuru, na huniacha na swali baya zaidi: kwenye mito ambayo haikuvutia mkopo mkubwa, ni wangapi walikwenda bila hata jina?

Novemba 2000 ndipo safari ya ndege ilipotokea. Vyura 499 walikamatwa na kupelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadaye wakagawanywa kwenye bustani nyingine za Marekani. Si kwamba Wamarekani waliwachukua wakastarehe nao. Wengi walikufa. Miaka michache baadaye walikuwa wamebaki chini ya mia moja, na watunzaji wa Bronx na Toledo wakajifunza kwa kukosea: taa gani, wadudu gani, maji ya aina gani.

Huku nyumbani mafundi walitandaza mabomba korongoni na kufunga vinyunyizio vilivyoendeshwa na mteremko wa maji wenyewe. Kufikia 2001 mvua ya kutengenezwa ilikuwa ikinyesha Kihansi. Jambo ambalo vijiweni halisimuliwi ni kwamba ilifanya kazi. Majani yalianza kurudi, na vyura pia. Juni 2003 makadirio yalifika karibu 21,000.

Januari 2004 watafiti waliona watatu.

Watatu, katika miezi saba. Vinyunyizio vilikuwa bado vinanyunyiza. Katika mizoga ya vyura wa 2003 alipatikana kuvu aitwaye kitridi, anayeshambulia ngozi ya vyura na ambaye amemaliza aina nyingi kuanzia Australia hadi Amerika ya Kati. Chura hunywa kwa ngozi, na kwa kiasi kikubwa hupumua kwa ngozi. Ngozi ikiharibika moyo husimama. Mwaka huohuo tope la bwawa lilikuwa limefunguliwa na kusukumwa chini, na katika mashapo kulikutwa mabaki ya viuatilifu, endosulfan ikiwemo, kutoka mashamba ya huko juu. Wataalamu bado wanabishana juu ya uzito wa kila sababu, na namna kuvu alivyofika. Viatu vya watafiti wenyewe vimo katika orodha ya washukiwa.

Wa mwisho alionekana 2005. Mwaka 2009 IUCN ilimtangaza kuwa ametoweka porini. Agosti 2010 vyura mia moja walirudi kwa ndege hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia mwishoni mwa 2012 maelfu wamekuwa wakirudishwa korongoni kwa awamu, chini ya mabomba yaleyale. Kwa hiyo dereva wangu alikuwa sahihi kuhusu ndege, ila alisahau tiketi ya kurudi.

Utafiti wangu hauko Kihansi. Uko Njombe, kwenye vinyungu, yale mashamba ya mabondeni ambayo watu wa kwetu hulima kiangazi, juu kumekauka na chini bado kuna unyevu. Bibi yangu alilima kinyungu maisha yake yote. Aliacha ukanda wa matete kando ya kijito, na humo vyura walilia hadi ukashindwa kulala. Siku hizi mabonde mengi yamechimbwa mifereji ili maji yatoke haraka, pembeni pamepandwa mikaratusi, na kwenye viazi mviringo watu hupiga dawa ya ukungu kila mara mvua inapokaza. Siwalaumu. Kiazi ndicho kilichonilipia ada.

Kwenye misitu iliyobaki ya Nyanda za Juu Kusini kuna ndugu yake chura wa Kihansi. Naye anazaa. Mjerumani Gustav Tornier alimwelezea mwaka 1905, na dunia ikajua kwa mara ya kwanza kwamba kuna chura asiyetaga. Miaka zaidi ya mia moja imepita, na nimekaa na wazee waliozaliwa kando ya misitu hiyo ambao hawajawahi kuambiwa jambo hilo. Lugha niliyosomea ndiyo iliyolificha. Ukitaka kusoma habari za Tornier lazima ujue Kijerumani, na ukitaka za Kihansi lazima ujue Kiingereza. Kiswahili kimeachiwa utani wa ndege.

Kazi yenyewe ni ya usiku. Natembea mita mia moja kando ya kijito nikiwa na taa kichwani, nasimama, nasikiliza dakika tano, naandika. Kabla ya kuhamia bonde lingine nasugua buti kwa brashi na kuziloweka kwenye dawa ya klorini, kwa sababu ya yaliyotokea 2003. Ni hatua inayochukua muda kuliko kuhesabu kwenyewe, na ndoo yangu ya bluu imenipa jina kijijini.

Mwezi Machi mama mmoja mwenye kinyungu alinikuta nikifua buti saa tatu usiku.

"Kamwene, mwanangu," akasema.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye wa vyura? Utafiti huu ni wa mradi gani? Wanataka kujenga nini hapa?"

Nikamwambia hakuna mradi. Hakuna anayejenga. Ni shule tu, nahesabu waliopo.

Alitazama ndoo, akatazama bonde, akanyamaza kidogo. "Basi hesabu na kule chini kwenye matete," akasema. "Wa kule wanalia tofauti."

Nilikwenda. Kweli, wanalia tofauti.